Jinsi ya kuunda kivumishi ambatani cha Kilatini na kukigeuza miisho

Kibao kilisomeka *Jasminum grandiflora*, na aliyekiandika ni mimi. Nilishinda nusu siku nikipaka rangi nyeupe kwenye vipande vya bati kwa ajili ya kitalu chetu cha miche, na asumini ndiyo iliyopewa kibao cha mbele kabisa, pale mlangoni. Akaja padri mmoja mstaafu kutafuta miche ya maembe. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasimama mbele ya kile kibao, miwani ameishusha puani. Akacheka kidogo. "Mwanangu, hapa umeandika *kiti mzuri*."

Sikumwelewa. Akafafanua: *Jasminum* ni nomino ya jinsia ya kati, na kivumishi kinachoifuata lazima kikubaliane nayo, kwa hiyo ni *grandiflorum*. Hakuna Mswahili anayesema *kiti mzuri*. Kilatini nacho kina upatanisho wake, na mtu aliyekulia kwenye Kiswahili tayari ana nusu ya kazi kichwani, ila hakuna aliyemwambia.

Mwongozo huu ni wa anayeandika vibao vya miche, lebo za sampuli au ripoti za misitu, na wa mwanafunzi wa botania au famasia anayekariri majina bila kujua yameshonwaje. Mifano yangu ni ya mimea kwa sababu huko ndiko vivumishi ambatani vya Kilatini vinakotumika kila siku hadi leo. Kanisani nitaingia mara moja tu, karibu na mwisho.

Hatua ya 1: Kata neno uone mishono yake

Anza na mnazi, *Cocos nucifera*. Neno la pili lina vipande vitatu: *nuc-*, kutoka *nux*, tunda lenye ganda gumu, *-i-*, ambayo ni gundi tu, na *-fera*, kutoka kitenzi *fero*, "nabeba, nazaa". Jumla yake ni "wenye kuzaa matunda ya ganda gumu".

Angalia mpangilio. Sisi husema *mla nyama*, *mfuga nyuki*, *kifungua kinywa*: kitendo kwanza, kinachotendwa baadaye. Kilatini hugeuza. Kinachobebwa hutangulia, mbebaji hufuata. Kwa hiyo jina la aina hii lisome kutoka kulia. *Oleifera* ya mlonge (*Moringa oleifera*) ni "mbeba mafuta", maana mbegu zake hukamuliwa mafuta. *Vinifera* ya mzabibu (*Vitis vinifera*), huo unaolimwa Dodoma, ni "mzaa divai". Mwembe wenyewe umebeba umbo hilo kwenye jina la jenasi, yaani neno la kwanza: *Mangifera*, "mzaa maembe".

Aina ya pili ya ambatani ina sifa na nomino, bila kitenzi. *Grandiflorum* imetokana na *grandis*, "kubwa", na *flos*, "ua". Hapa usifanye haraka. *Grandis flos* ni "ua kubwa". *Grandiflorus* si ua kubwa, ni "-enye maua makubwa". Ile *-enye* yetu haionekani popote kwenye neno la Kilatini, imejificha kwenye mwisho uliobadilika kutoka *flos* kuwa *-florus*. Ukiona nomino ya Kilatini imevaa mwisho usio wake mwishoni mwa neno refu, tia *-enye* kwenye tafsiri, mara nyingi utakuwa umepata.

Hatua ya 2: Tafuta shina kwenye genitivu

Shina la neno la Kilatini mara nyingi halionekani kwenye umbo la kwanza la kamusi. Linaonekana kwenye genitivu, yaani umbo la umiliki, "-a kitu fulani". Ndiyo maana kamusi huandika maumbo mawili: *nux, nucis*. Ondoa *-is*, unabaki na *nuc-*. Anayejenga kutoka *nux* ataishia "nuxifera", neno lisilokuwepo. Ni sawa na mgeni anayejifunza Kiswahili akapewa *ulimi* bila kupewa *ndimi*: siku ya kutaja wingi atasema lolote.

Haya ndiyo nitakayoyatumia humu:

- *spica, spicae* (suke): shina *spic-*
- *angustus, angusti* (-embamba): *angust-*
- *latus, lati* (-pana): *lat-*
- *rotundus, rotundi* (-a mviringo): *rotund-*
- *grandis, grandis* (-kubwa): *grand-*
- *crassus, crassi* (-nene): *crass-*
- *folium, folii* (jani): *foli-*
- *flos, floris* (ua): *flor-*
- *pes, pedis* (mguu): *ped-*

Kujua shina kunakuepusha na tafsiri za kubuni. Mathenge, ule mti wa miiba uliowasumbua wafugaji wa Baringo, unaitwa *Prosopis juliflora*, na nimesikia watu wakieleza kwa kujiamini kabisa kwamba ni mti unaotoa maua mwezi wa Julai. Shina hapo ni *iul-*, kutoka *iulus*, neno la mimea kwa shada jembamba la maua madogo lililorefuka kama mkia. Tazama maua ya mathenge, utaona ndivyo yalivyokaa, mikia ya rangi ya manjano iliyofifia. Ile *j* ni *i* ya Kilatini iliyovutwa chini, basi.

Hatua ya 3: Tia gundi

Kati ya shina la kwanza na kipande cha pili huingia *-i-* ikiwa kipande cha pili kinaanza na konsonanti. Kikianza na irabu, gundi haihitajiki. Kanuni yenyewe ni fupi namna hiyo, ila makosa yanayozaliwa hapa ni mengi kuliko hatua nyingine zote, kwa hiyo tukae kidogo.

*Angust-* na *-folius*: f ni konsonanti, tia gundi, *angustifolius*, "-enye majani membamba". *Spic-* na *-formis*: *spiciformis*, "-enye umbo la suke". *Quadr-*, "nne", na *-angularis*, kutoka *angulus*, "pembe": kipande cha pili kinaanza na a, kwa hiyo gundi inaachwa, *quadrangularis*. Mmea wa *Cissus quadrangularis* unatambaa vichakani sehemu nyingi za ukame za Afrika Mashariki. Kata kipande cha shina lake kwa kisu utazame pale ulipokata: ni mraba, na kila pembe ina ukingo uliojitokeza.

Sasa ndimu. Jina lake ni *Citrus aurantiifolia*, "-enye majani kama ya mchungwa", kutoka *aurantium, aurantii*. Ondoa ile *-i* ya mwisho ya genitivu, shina ni *auranti-*. Shina lenyewe limeishia kwa i. Kisha tia gundi, nayo ni i. Kisha *-folia*. Matokeo ni i mbili zilizofuatana: ya kwanza ni mali ya shina, ya pili ni gundi. Chupa za mafuta ya ndimu, tovuti, hata vitabu, vimejaa "aurantifolia" yenye i moja. Jicho linaona i mbili na mkono unadhani ni kosa la uchapaji. *Magnolia liliiflora* nayo huteseka vivyo hivyo, kutoka *lilium, lilii*. Kanuni za kimataifa za majina ya mimea zinaelekeza i iliyodondoka hapo irudishwe.

Kosa la upande mwingine ni kubandika genitivu nzima badala ya shina. Waandishi wa zamani walipenda kufanya hivyo kwa nomino zinazoishia na -a. Kwa *opuntia, opuntiae* wakaandika "opuntiaeflora", yaani genitivu pamoja na mwisho wake, kisha maua juu yake. Sahihi ni *opunti-* + *-i-* + *-flora*, na ndiyo maana leo tunaandika *Pereskia opuntiiflora*. Ukikutana na *-ae-* katikati ya kivumishi ambatani, shuku kwanza.

Namba zina maumbo yake tayari: *uni-, bi-, tri-, quadri-, quinque-*, na *multi-* kwa "-ingi". *Quinque* haipokei gundi kabisa: *quinquefolia*, "-enye majani matano".

Vipande vya Kigiriki vina gundi yake, *-o-*. Mpingo ni *Dalbergia melanoxylon*: *melan-*, "-eusi", *-o-*, na *xylon*, "mti, ubao". Usichanganye. Kilatini na Kilatini huungana kwa *-i-*, Kigiriki na Kigiriki kwa *-o-*. Vighairi vipo. Ule mkaratusi wenye harufu ya limau ni *citriodora*, ingawa *odora* inaanza na irabu na kwa kanuni yetu i ingepaswa kudondoka. Jina hilo limekaa hivyo tangu lilipochapishwa, nawe liache lilivyo.

Hatua ya 4: Chagua mkia

Kipande cha mwisho ndicho kinachoamua kivumishi kitageukaje. Kuna familia nne.

Ya kwanza ina miisho mitatu, *-us, -a, -um*, yaani ya kiume, ya kike na ya kati. Humo mna *-folius* na *-florus*.

Ya pili ni ya *-fer* na *-ger* ("-enye kubeba"): *-fer, -fera, -ferum*. Ni ndugu wa ile ya kwanza, isipokuwa umbo la kiume halina *-us*. Tawi lenye miiba ni *ramus spinifer*, na genitivu yake *spiniferi*. Ile e inabaki. Nasema hivyo kwa sababu *niger*, "-eusi", huipoteza ikawa *nigri*, na anayejifunza hudhani zote ni hivyo.

Ya tatu ina miisho miwili: *-is* kwa kiume na kike, *-e* kwa jinsia ya kati. Humo mna *-formis*, *-caulis* (shina la mmea), *-angularis*. Mrihi, mmoja wa miti mikuu ya misitu ya miombo, ni *Brachystegia spiciformis*. Jenasi ingekuwa ya jinsia ya kati tungeandika *spiciforme*. Mkorosho unaonyesha jambo hilo kwa kivumishi kisicho ambatani: *Anacardium occidentale*, si *occidentalis*.

Ya nne ina umbo moja kwa jinsia zote tatu. Mtama ni *Sorghum bicolor*, "-enye rangi mbili". Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliuita *Holcus bicolor*. *Holcus* ni ya kiume, *Sorghum* ni ya kati, na kivumishi hakikutikisika. Kundi hili lina pia *-pes*. Magugu maji yaliyovamia Ziwa Victoria yaliitwa *Eichhornia crassipes* na sasa wataalamu wengi wameyarudisha kwenye *Pontederia*. *Crass-i-pes*, "-enye mguu mnene". Kwa wataalamu wa mimea mguu ni kikonyo. Ng'oa mmea mmoja ubonyeze kikonyo chake kati ya vidole: kimevimba kama chupa ndogo na ndani ni sponji iliyojaa hewa. Hiyo ndiyo *crassipes*, na hiyo ndiyo inayouweka mmea juu ya maji.

Hatua ya 5: Ulizia jinsia ya jenasi

Hapa ndipo padri aliponikamata, na hapa ndipo Kiswahili kinaposaidia kuliko lugha nyingi.

Kwetu, *kiti* ni kirefu lakini *kijana* ni mrefu. Yote mawili yanaanza na *ki-*. Umbo la nomino linakwambia jambo moja, upatanisho unakwambia jingine, na unaoshinda ni upatanisho. Kilatini kina "kijana" wake: miti. Majina mengi ya kale ya miti huishia na *-us*, sura ya kiume kabisa, lakini ni ya kike. *Prunus* ni ya kike, kwa hiyo ule mti ambao magome yake huvunwa kwa dawa ya tezi dume ni *Prunus africana*, si *africanus*. *Ficus* ni ya kike. *Eucalyptus* si jina la Waroma, ila L'Héritier aliyeliunda alilipa jinsia ya kike, na limebaki nayo. Hata *Cissus*, ambayo si mti bali mmea wa kutambaa, ni ya kike: *Cissus rotundifolia*.

Ukishazoea hilo, unaanguka upande wa pili. Majina yanayoishia na *-carpus*, "tunda", ni ya kiume hata yakiwa ya miti mikubwa. Mfenesi ni *Artocarpus heterophyllus*. Podo wa Afrika Kusini ni *Podocarpus latifolius*. Vivyo hivyo *-anthus*, "ua": ni ya kiume.

Tazama kivumishi kimoja kikipita katika jinsia zote tatu:

- *Helianthus angustifolius*, ndugu wa alizeti wa Marekani: kiume
- *Lavandula angustifolia*, lavenda: kike
- *Epilobium angustifolium*, mmea wa nchi za baridi wenye maua ya rangi ya waridi: kati

Majani membamba ni yaleyale. Kilichobadilika ni ngeli, tungesema sisi.

Utajuaje jinsia kama hukusoma Kilatini? Nenda kwa jirani. Tafuta spishi nyingine ya jenasi hiyohiyo yenye kivumishi kinachoonyesha mwisho wazi. Ukiona *Prunus africana*, umeshajua. Ukipata kinachoishia na *-ensis*, kwa mfano *Ficus natalensis*, kinakusaidia kwa nusu tu, maana *-ensis* ni ya kiume na ya kike pamoja. *-Ense* ingekwambia ni ya kati. Mimi hutazama angalau majirani wawili, kwa sababu jirani naye anaweza kuwa ameandikwa vibaya. Orodha ya Plants of the World Online ya bustani ya Kew inatosha kwa kazi hii.

Spishi ikihamishwa jenasi, kivumishi hubadili nguo. *Polygonum multiflorum* ilipohamia *Fallopia* ikawa *Fallopia multiflora*. Asiyejua hudhani ni mimea miwili.

Kabla hujabadilisha mwisho wowote, hakikisha ulichoshika ni kivumishi. Neno la pili linaweza kuwa nomino, na nomino haifuati jinsia ya jirani yake. *Jasminum sambac*, ile asumini ya vikuba, haiwi "sambacum". *Eucalyptus globulus* si kosa: *globulus* ni nomino, "kitufe", kwa hiyo haigeuki "globula". Muwa ni *Saccharum officinarum*, ambapo *officinarum* ni genitivu ya wingi, "wa maduka ya dawa". Na kuna *-cola*, "mkazi wa", inayofanana sana na kivumishi ambatani: *Pinus monticola*, "mkazi wa milimani". Hiyo ni nomino, inakaa na *-a* yake hata pembeni ya jenasi ya kiume.

Hatua ya 6: Geuza miisho

Kwa vibao, hatua ya 5 inatosha. Lakini anayesoma maelezo ya asili ya spishi atakutana na maumbo mengine. Kuanzia mwaka 1935 jina jipya la mmea lilihitaji maelezo ya Kilatini ili likubalike, na sharti hilo liliendelea hadi mwisho wa 2011. Tangu Januari 2012 Kiingereza nacho kinaruhusiwa. Kwa hiyo mimea mingi ya kwetu iliyopewa majina katika karne ya 20 ina aya yake ya Kilatini mahali fulani, na kwenye aya hizo kuna misemo inayojirudia: *affinis*, "jamaa ya", hudai dativu (umbo la anayepewa au anayeelekewa), *differt a*, "inatofautiana na", hudai ablativu (umbo la "kutoka kwa" au "kwa"). Kwenye majedwali, nominativu ni umbo la mtenda, lile la kwanza la kamusi, na akuzativu ni la anayetendwa. Maumbo haya yote huitwa uhusika.

| | kike | kiume | kati |
|---|---|---|---|
| nominativu | Cissus rotundifolia | Podocarpus latifolius | Jasminum grandiflorum |
| genitivu | Cissi rotundifoliae | Podocarpi latifolii | Jasmini grandiflori |
| dativu | Cisso rotundifoliae | Podocarpo latifolio | Jasmino grandifloro |
| akuzativu | Cissum rotundifoliam | Podocarpum latifolium | Jasminum grandiflorum |
| ablativu | Cisso rotundifolia | Podocarpo latifolio | Jasmino grandifloro |

Safu ya *Cissus* isome mara mbili. *Affinis Cisso rotundifoliae*: nomino imevaa *-o*, kivumishi kimevaa *-ae*, na vyote viwili ni dativu umoja. Havifanani kwa sauti, vinakubaliana kwa jinsia, idadi na uhusika. Anayetaka miisho ivume pamoja kama *kiti kizuri kimoja* ataandika "Cisso rotundifolio" na kuwa amekosea. Hapa Kilatini kiko karibu zaidi na *kijana mzuri mmoja*.

Wingi wa kundi hili ni *-i, -ae, -a* kwa nominativu. *-Orum, -arum, -orum* kwa genitivu. *-Os, -as, -a* kwa akuzativu. Na *-is* kwa dativu na ablativu, jinsia zote. Ndiyo *-is* utakayoiona sana: *ramis spiniferis*, "kwa matawi yenye miiba". Usiichanganye na *-is* ya *spiciformis*, hiyo ni familia nyingine.

| | miisho miwili | umbo moja | umbo moja, kati |
|---|---|---|---|
| nominativu | Brachystegia spiciformis | Eichhornia crassipes | Sorghum bicolor |
| genitivu | Brachystegiae spiciformis | Eichhorniae crassipedis | Sorghi bicoloris |
| dativu | Brachystegiae spiciformi | Eichhorniae crassipedi | Sorgho bicolori |
| akuzativu | Brachystegiam spiciformem | Eichhorniam crassipedem | Sorghum bicolor |
| ablativu | Brachystegia spiciformi | Eichhornia crassipede | Sorgho bicolori |

Mambo mawili ya kuchunga. Kwanza, *crassipes* inafungua shina lake ukitoka nominativu tu: *crassiped-*. Ni hatua ya 2 imerudi. Anayeandika "crassipis" amesahau kuwa *pes* ni *pedis*. Pili, ablativu. Vivumishi vya kundi hili kwa kawaida huishia na *-i*, lakini jamaa za *pes* hufuata nomino yao na kuishia na *-e*. Genitivu yao ya wingi nayo ni *-um*, *crassipedum*, wakati *spiciformis* inatoa *spiciformium*. Katika familia zote, nomino au kivumishi cha jinsia ya kati kina nominativu na akuzativu zilizo sawa. Hilo halina kighairi, likariri.

Na sasa kanisani. Kwa aliyeimba kwaya ya Misa ya Kilatini, kivumishi ambatani kilichogeuzwa karibu kikamilifu kiko mdomoni tayari: *omnipotens*, kutoka *omnis*, "-ote", gundi *-i-*, na *potens*, "mwenye uwezo". Katika baraka ya mwisho, *Benedicat vos omnipotens Deus*, ni nominativu, Mungu ndiye anayebariki. Katika Kanuni ya Imani ya Mitume, *ad dexteram Dei Patris omnipotentis*, ni genitivu, kuume kwa Mungu Baba. *Confiteor Deo omnipotenti* ni dativu, ninaungama kwake. *Credo in Deum Patrem omnipotentem* ni akuzativu. Maumbo manne ya neno moja, na Kiswahili kote humo kinasema *Mwenyezi* bila kugusa herufi. Shina ni *omnipotent-*, na ile *-ns* ya mwanzo inalificha kama *-pes* inavyoificha *-ped-*. Nilimwambia padri yule kwamba miaka yote niliimba maneno hayo bila kujua kwa nini mwisho wake unacheza. Akanijibu kwamba hata seminarini wapo walioimba hivyo hivyo.

Mazoezi

Funika majibu kwa kiganja.

1. Unda kivumishi chenye maana ya "-enye maua meupe" (*albus, albi*) kwa jenasi ya kiume.
2. Kibao kinasomeka *Cissus rotundifolius*. Rekebisha.
3. Tunga "inatofautiana na mrihi" ukianza na *differt a*.
4. Mpopi wa afyuni ni *Papaver*, jinsia ya kati. Kivumishi chake ni "mleta usingizi", kutoka *somnus, somni*, na *-fer*. Kiandike.
5. Mtu anataka kusahihisha *Eucalyptus globulus* iwe *globula* kwa sababu *Eucalyptus* ni ya kike. Umjibu nini?

Majibu: (1) *albiflorus*. (2) *Cissus rotundifolia*. (3) *differt a Brachystegia spiciformi*, wala si *spiciforme*. (4) *Papaver somniferum*, jina ambalo Linnaeus alilichapisha mwaka 1753. (5) Mwambie aweke brashi chini: jinsia ameipata, lakini hicho si kivumishi.